Sauti ya nusu sekunde: jinsi vimondo vinavyoleta redio za mbali Kisumu

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, redio yangu ilikuwa imetulia kwenye masafa ya FM ambayo hapa Kisumu hayana mwenyewe. Ilikuwa ikitoa ule mvumo wake wa kawaida, shhhh, kama mafuta ya sambusa karaini. Ghafla mwanamume akasema, kwa sauti safi kana kwamba amekaa pembeni ya kitanda, "...upepo wa bahari ya Hi—" na mafuta yakaendelea kuchemka. Hakumaliza. Nilikaa robo saa nzima nikimngoja atamke hiyo Hindi yake, nikaambulia vipande viwili vya muziki, kila kimoja kifupi kuliko chafya.

Kisumu hatuna bahari. Tuna ziwa, na watangazaji wetu wakitaja upepo wanataja wa ziwani. Bwana yule alikuwa pwani, na kwa upande ambao antena ilikuwa imeelekea, nakadiria alikuwa Dar es Salaam, kilomita 900 hivi kutoka hapa Riat. FM ya kawaida huchoka kabla haijafika robo ya safari hiyo. Aliyembeba bwana yule ni kimondo.

Nianze na kosa ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Watu husema "kusikiliza vimondo", na picha inayowajia ni ya jiwe linalopiga mayowe angani. Hatusikii kimondo. Tunachosikia ni mtambo wa mtu, uliofungwa kwenye mlingoti wake, ukiendelea na kazi yake ya kila siku bila habari kwamba upo ulimwengu wa vimondo. Kimondo hutandika kioo angani kwa kitambo kidogo, na kioo kikikaa vizuri kati yako na mtambo huo, mawimbi yaliyokuwa yakipotelea angani yanakushukia wewe. Basi maswali yote ya mchezo huu, uamke saa ngapi, uelekeze wapi antena, usikilize masafa gani, yanarudi kwenye moja: kioo kiko wapi, na kimeinamia upande gani?

Kioo cha punje ya mchanga

Mswahili akisikia kimondo huwaza kile cha Mbozi, kule Songwe nchini Tanzania, donge la chuma la tani zipatazo 16. Kile ni cha ukoo mwingine. Vinavyotuhusu hapa ni vya ukubwa wa punje ya mchanga, vingine vidogo zaidi, na ardhini havifiki kamwe. Wazee wa pwani husema ni vijinga vya moto wanavyotupiwa mashetani. Ukubwa wa kijinga chenyewe hawakuutaja.

Punje hiyo huingia hewani kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde. Kwa kasi ya 60, ungetoka Kisumu ukafika Nairobi, kwa njia ya ndege, kabla ya sekunde tano kuisha. Punje ya miligramu moja ikienda mwendo huo hubeba nishati ya jouli 1,800 hivi, inayotosha kuchemsha maji ya kijiko kimoja cha chai. Si nyingi. Lakini inamwagwa yote ndani ya kipande cha sekunde, kati ya kilomita 120 na 80 juu yetu, mahali ambapo hewa imekwisha kuwa nyembamba mno. Kwenye kilomita 95 imebaki kama sehemu moja ya milioni ya hewa ya usawa wa bahari. Atomu za punje zinagongana na za hewa, elektroni zinabanduka, na nyuma yake unabaki mkia wa elektroni zilizo huru, mrefu kilomita kumi au ishirini, na mwanzoni upana wake hauzidi mita chache.

Wimbi la redio likiukuta mkia huo, linazitikisa elektroni, na elektroni inayotikiswa nayo hurusha wimbi lake dogo la masafa yale yale. Moja peke yake haina maana. Ila zikiwa zimejipanga mstari, na mstari huo ukawa umelala kwa pembe inayofaa, mawimbi madogo yote yanafika kwako kwa pamoja, kama makofi ya kanisani yanapoangukia pigo moja. Pembe ikikosea, yanafika kila moja kwa wakati wake na kuuana yenyewe kwa yenyewe.

Hapo kwenye pembe ndipo wengi hupotelea, na mfano mzuri ninauona kila asubuhi nikiwa Riat. Jua likichomoza na kupiga mabati ya nyumba zilizoko bondeni, mamia ya mapaa yanapata jua lile lile, lakini linalonichoma macho ni moja au mawili tu. Nikisogea hatua mbili, lile linazimika na la jirani linawaka. Mabati hayajabadilika, jua halijabadilika; kilichobadilika ni nani amesimama kwenye mstari. Vimondo ni hivyo hivyo. Kwa usiku mmoja vinaingia vingi kupita hesabu, lakini kati ya Dar es Salaam na mimi vinavyolala kwa pembe yetu ni vichache, na jirani aliyeko Kakamega anaweza kusikia ambavyo mimi sivisikii kabisa.

Kwa nini sauti inakatika

Mkia haukai. Elektroni zinatawanyika kwenye hewa ile nyembamba kama tone la wino kwenye glasi ya maji. Upana wa mkia ukikaribia kulingana na wimbi lenyewe, elektroni za mbele na za nyuma haziafikiani tena na sauti inazimika. Ndiyo maana mlio wa kimondo kidogo unaanza kwa ghafla, juu kabisa, halafu unafifia. Hauji polepole hata siku moja.

Kutokana na hilo tunapata kanuni yenye faida kubwa. Muda wa mlio hufuata mraba wa urefu wa wimbi. Wimbi la megahezi 50 lina urefu wa mita 6, la FM mita 3, la megahezi 144 mita 2 na kidogo. Mkia ambao ungekupa nusu sekunde kwenye megahezi 50 utakupa sekunde 0.125 kwenye FM, na 0.06 tu kwenye 144. Nguvu ya mlio nayo inashuka vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akikuuliza masafa gani ni bora, jibu la kwanza ni ya chini, mradi uweze kupata mtambo wa mbali unaorusha huko.

Kuna vimondo vikubwa kidogo, vinavyoacha zaidi ya elektroni trilioni 100 hivi katika kila mita ya mkia. Mkia wa namna hiyo ni mzito kiasi kwamba wimbi halipenyi, linadunda juu yake kama kwenye chuma, na mlio unaweza kudumu sekunde nyingi, mara chache hata dakika. Upepo wa huko juu unaupinda mkia, na sauti inaanza kupanda na kushuka kama mtu anayeongea mbele ya feni. Bwana wa bahari ya Hindi naamini aliletwa na kimoja cha hivyo, maana maneno yote yale hayaingii kwenye sehemu ya nane ya sekunde.

Ngumi moja juu ya upeo wa macho

Kioo kikiwa kilomita 100 juu, kinaonekana na watu walio mbali sana. Umbo la dunia ndilo linaloweka mpaka: ukizidi kama kilomita 2,200 kati ya mtambo na msikilizaji, kioo kinakuwa chini ya upeo wa macho wa mmoja wenu. Kwa Kisumu mpaka huo unatupa eneo kubwa. Addis Ababa iko kilomita 1,100 hivi, Lubumbashi 1,500, Lilongwe vilevile 1,500 na ushei. Lusaka inaingia pia.

Ukikaribia mno kuna tatizo la aina nyingine. Mwanza na Entebbe tunazipata hapa kwa njia isiyohusiana na vimondo: hewa ya juu ya ziwa, yenye baridi chini na joto juu, hupinda mawimbi na kuyaburuta juu ya maji. Stesheni ya namna hiyo inaingia na kukaa saa nzima, na mgeni anaweza kushangilia akidhani amepata kimondo cha ajabu. Mimi husema chagua stesheni iliyo zaidi ya kilomita 600, ambako ziwa haliwezi kukudanganya.

Antena uielekeze wapi? Katikati ya mstari wa Kisumu na Dar es Salaam ni mahali fulani kati ya Arusha na Moshi. Kilomita 100 juu ya hapo, ukiangalia kutoka Kisumu, ni digrii 10 na kitu kutoka upeo wa macho. Nyoosha mkono, kunja ngumi, iweke juu ya vilima vya kusini mashariki: ngumi hiyo ni kama digrii 10. Nilipoipima hivyo mara ya kwanza nilishangaa jinsi ilivyo chini. Nilikuwa nimeielekeza antena mawinguni, nikidhani vimondo viko juu ya kichwa.

Halafu kuna jambo la kichokozi zaidi. Ili kioo kilicho katikati kabisa ya mstari kifanye kazi, ni lazima kiwe kimelala bapa, sambamba na ardhi. Vimondo vinavyoruka bapa ni adimu. Karibu vyote vinashuka kwa mteremko. Kioo chenye mteremko kinafaa kikiwa pembeni ya mstari, si juu yake. Kwa hiyo milio mingi inatoka kwenye maeneo mawili, kilomita 50 hadi 100 kila upande wa katikati: moja kuelekea Rombo, jingine kuelekea nyika za Simanjiro. Antena nyembamba sana, iliyoelekezwa Dar es Salaam barabara, inaweza kukukosesha yote mawili. Antena ndogo isiyochagua sana inafanya vizuri kuliko unavyodhani, na hii ni moja ya sehemu chache katika redio ambapo mwenye pesa kidogo hapati hasara.

Mgongo wa abiria

Kila mtu anayeishi karibu na ziwa anawajua vijidudu vinavyopanda kutoka majini kama moshi. Panda bodaboda jioni vikiwa vimetanda, na mkifika Dunga mwangalie dereva: kifua chake, helmeti, hata meno kama alikuwa akicheka, vyote vimejaa. Abiria mgongoni ni msafi.

Dunia inalizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde. Upande wa mbele wa mwendo huo ni upande ambako kunapambazuka, na upande wa nyuma ni ambako kunakuchwa. Alfajiri sisi ni kifua cha dereva. Punje zinatukabili, zinaingia kwa kasi kubwa, na kasi kubwa ina maana ya elektroni nyingi. Saa kumi na mbili jioni sisi ni mgongo wa abiria, na zinazotufikia ni zile zilizolazimika kutukimbiza kutoka nyuma. Tofauti ya idadi ni ya mara kadhaa.

Vitabu husema kilele ni saa kumi na mbili asubuhi, lakini hiyo ni saa ya jua, si ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, nasi Kisumu tuko karibu digrii 34.75. Tofauti hiyo ni dakika 41. Kwa hiyo kilele chetu kiko karibu na saa kumi na mbili na dakika arobaini, wakati watoto wanapanda basi la shule. Nimewahi kuzima redio saa kumi na mbili kamili nikijiona nimemaliza kazi, kumbe nilikuwa naondoka mezani kabla ya nyama.

Ikweta ina mambo yake

Maelezo mengi ya mchezo huu yameandikwa Ulaya na Marekani, na hapo ndipo niliingia mtego. Wiki mbili za kwanza nilikaa kwenye megahezi 143.050, kwa sababu kila mwongozo niliosoma uliniambia hivyo. Ni masafa ya GRAVES, rada ya Ufaransa ya kufuatilia vyombo vya angani, na kwa mtu aliyeko Ubelgiji au Uhispania ni zawadi, maana inarusha mchana na usiku bila kupumzika. Kutoka hapa iko karibu kilomita 6,000. Hakuna kimondo kinachoweza kutuonyesha sisi na Ufaransa kwa pamoja. Wiki mbili za shhhh.

Kalenda nayo inahitaji kusomwa upya. Mvua ya vimondo inayosifiwa kuliko zote kaskazini ni ya Perseidi, ya tarehe 12 na 13 Agosti. Kwetu sehemu vinakotokea, karibu na kundi la nyota la Perseus, haipandi zaidi ya digrii 32 upande wa kaskazini, na inafika hapo kukiwa kunapambazuka. Tunapata milio, lakini si karamu. Geminidi za tarehe 13 na 14 Desemba ni zetu zaidi: chanzo chake kinapanda hadi digrii 57 karibu na saa tisa kasoro usiku, na hata saa tano usiku tayari kazi imeanza.

Ya kwetu hasa ni Eta Akwaridi, mapema Mei, vumbi lililoachwa na nyota-mkia ya Halley. Chanzo chake kiko karibu kabisa na ikweta ya anga, kwa hiyo hapa kinachomoza mashariki barabara kama saa nane na robo usiku na kupanda wima, digrii 15 kila saa, hadi juu ya utosi baada ya saa mbili asubuhi. Mwezi wa Mei ni wa masika. Anayetazama kwa macho ataona mawingu tu. Redio haijali wingu.

Ila usifikiri kwamba kilele kitakuwa wakati chanzo kiko utosini. Rudi kwenye kioo. Vimondo vikishuka wima, mikia inasimama wima kama nguzo za stima, na kwa njia kama ya Kisumu na Dar es Salaam nguzo haimulikii mtu. Inabidi chanzo kiwe nusu njia ya kupanda, digrii 45 hivi, na kiwe ubavuni mwa mstari wenu. Kwa Eta Akwaridi kinakuwa hapo karibu saa kumi na moja na robo alfajiri. Baadaye milio inapungua ilhali chanzo kinazidi kupanda, jambo ambalo mtu wa kaskazini, asiyewahi kuwa na chanzo hiki utosini, halioni kwa Eta Akwaridi.

Tena kuna vimondo vya mchana, ambavyo macho hayatavijua kamwe. Arietidi hufikia kilele karibu na tarehe 7 Juni, na chanzo chake kwetu kiko juu kabisa karibu saa nne na nusu asubuhi, watu wakiwa sokoni Kibuye. Viligunduliwa kwa redio mwaka 1947 huko Jodrell Bank, Uingereza. Bernard Lovell alipeleka hapo rada ya jeshi Desemba 1945, vita vikiwa vimekwisha, akitafuta miale ya angani. Mwangwi aliokuwa akiupata ukawa wa vimondo. Kama angekuwa mtu wa kukasirika upesi, angeifunga rada akarudi nyumbani.

Antena, stima na jirani

Vifaa si ghali. Antena yangu ya kwanza ilikuwa vipande viwili vya bomba la alumini la pazia, kila kimoja sentimita 73, vimefungwa kwenye paipu ya plastiki, na waya wa antena ya TV unatoka katikati. Vipimo hivyo ni vya megahezi 98. Ukitaka masafa mengine gawanya 143 kwa megahezi zako upate urefu wote kwa mita, halafu kata katikati. Kwa 50.3 utahitaji mita 2.84 kwa jumla. Redio yoyote ya FM yenye tundu la antena ya nje inatosha kuanzia. Baadaye nilinunua kile kidude cha USB kinachoitwa RTL-SDR, kilichotengenezwa kwa ajili ya TV za dijitali, ambacho kompyuta inakigeuza kuwa redio na kukuchorea masafa kwenye kioo chake, dakika zikishuka kama maji. Mlio wa kimondo unaonekana kama kovu dogo jeupe.

"Jirani," mama wa nyumba ya pili aliniambia alipoona nimepanda juu ya bati, "hiyo aerial umeilaza vibaya. TV haitashika hivyo."

"Si ya TV, mama. Nasikiliza Dar."

"Kwani simu yako haina bando?"

Sikuwa na jibu la haraka.

Adui mkubwa hakuwa umbali wala bei. Alikuwa ndani ya nyumba. Chaja za simu za bei ya barabarani, taa za LED, na inveta ya sola ya jirani zote hutema kelele ya redio, na kelele hiyo inafunika milio dhaifu kabisa. Kwa miezi nilidhani redio yangu ni mbovu. Halafu usiku mmoja stima ikapotea mtaa mzima, kompyuta ikabaki kwa betri, na mvumo kwenye skrini ukashuka kama pazia. Milio mitatu ikatokea ndani ya dakika tano. Tangu siku hiyo mimi ndiye mtu pekee Riat ambaye hapigi simu kulalamika giza likiingia. Kama huwezi kungoja stima ipotee, chomoa chaja, sogeza antena mbali na nyumba, na uendeshe redio kwa betri.

Kisha jifunze kuvitambua vinavyojifanya vimondo. Radi ndiyo ya kwanza, na bonde letu la ziwa lina radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia. Radi inapiga masafa yote kwa mpigo mmoja. Kwenye skrini ni mstari unaokata kutoka ukingo hadi ukingo. Kimondo kinaamsha masafa ya mtambo wako tu. Ndege ni ya pili: mwangwi wake unakuja polepole, unateleza kwenye masafa kwa makumi ya sekunde, na hauna ule mwanzo wa kofi. Baadhi ya vimondo, kabla ya mlio wenyewe, huanza na mluzi unaoshuka kwa kasi, ambao ni mwangwi wa kichwa cha kimondo kikiwa bado kinakimbia. Ukiusikia huo mara moja, hutamani tena kuuliza kama ni ndege.

Kuzungumza, si kusikiliza tu

Kusikiliza FM hakuhitaji leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaorusha kwa mapenzi yao tu. Kurusha kunahitaji, na kwetu hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Majina ya kituo yanaanza na 5Z4. Wanaridhaa walianza kuzungumza kupitia vimondo kwenye megahezi 144 mwaka 1954, kwa subira ya ajabu. Baadaye walikuwa wakirekodi Morse ya kasi kwenye utepe na kuupunguza mwendo ndipo waisome.

Aliyegeuza mambo ni Joe Taylor, mwanafizikia Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa nyota mbili zinazozungukana, moja ikiwa pulsa, nyota inayozunguka na kurusha mipigo ya redio. Mtu aliyezoea kuchimba ishara dhaifu kwenye kelele za anga aliona kazi hiyo hiyo kwenye redio za ridhaa, na mwaka 2001 akatoa programu ya WSJT. Aina inayotumika sana leo kwa vimondo, MSK144, ina hila rahisi. Ujumbe wote, majina mawili ya vituo na taarifa fupi, unabanwa kwenye milisekunde 72. Kompyuta inaurudia tena na tena kwa sekunde 15, zaidi ya mara 200, halafu inanyamaza sekunde 15 kumsikiliza mwenzake. Huhitaji kujua kimondo kitapita lini. Kikipita wakati wowote katika sekunde hizo na kioo kikadumu hata sehemu ya kumi ya sekunde, angalau nakala moja nzima imepita. Mazungumzo ni makavu: jina lako na langu, nimekusikia kiasi gani, sawa, kwaheri. Yanaweza kuchukua dakika tatu au nusu saa.

Shida yetu ni watu. Ulaya ukirusha Jumamosi asubuhi wapo mamia wanaosikiliza. Hapa ni lazima mpatane kabla, kwa simu, saa na masafa, na ndiyo sababu mimi bado ni wa FM zaidi. Mitambo ya FM hailali na haihitaji kupigiwa simu. Siku hizi ndiyo hasa tuliyonayo, kwa sababu mitambo ya TV ya analojia, iliyokuwa chakula cha wasikilizaji wa vimondo kwa miongo, tuliizima mwaka 2015, na ya dijitali hutawanya nguvu zake kwenye masafa mapana bila ule wembe mmoja mkali wa kuusikilizia.

Mei iliyopita nilianza saa tisa usiku, mawingu yamefunga kutoka Nandi hadi ziwani, stima haipo tangu jioni. Hadi saa kumi nilikuwa na milio 9 kwenye daftari. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili ikawa 31, mmoja wao wa sekunde sita, wimbo wa taarabu ambao niliweza hata kuutambua kinanda chake. Kufika saa moja na nusu ilikuwa imepungua, kama nguzo zilivyotaka. Nilikuwa nimeandika wa 58 wakati friji ya jirani ilipokohoa, taa ya koridoni ikawaka, na skrini nzima ikajaa weupe.